Muulize Dada Mkubwa: Wastaafu na makasia

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Uyole. Tuna kikundi cha wastaafu, wake kwa waume, wengi tumeshapita miaka 60. Tulianza na kuweka na kukopa, tukaongeza matembezi ya asubuhi, na sasa mwenzetu mmoja ameleta wazo twende Matema, kwenye Ziwa Nyasa, kupiga kasia, kwa mitumbwi au zile kayaki za plastiki. Wanangu walicheka, kisha wakakasirika. Baadhi yetu tuna presha, mimi nina magoti. Wengine wanasema twende ziwa Ngosi, lile la juu mlimani, kwa kuwa ni karibu. Unatushaurije?
Mwalimu, Uyole

JIBU: Marahaba mwalimu. Nendeni. Wanao wakikasirika waambie kwamba huko ziwani wapo wazee wa rika lenu wanaokwenda sokoni kwa mtumbwi, na hakuna anayewaitia kikao cha ukoo.

Ngosi iacheni. Njia yake ya msituni ni safari inayojitosheleza, na kutoka ukingoni kushuka majini ni mteremko mkali ambao magoti yako yataulipia wakati wa kurudi. Ngosi ni ya kutazamwa kutoka juu.

Mimi nilizaliwa Kyela, baba yangu alikuwa mvuvi, na nimeuguza hadi kustaafu, kwa hiyo nina maneno ya pande zote mbili. Watu huogopa kupiga kasia, wakati kinachowaangusha wazee ni kuingia na kutoka chomboni. Ombeni kayaki pana ya watu wawili, ile ya kukaa juu wazi. Kayaki za asili za watu wa Aktiki zilimfunika mwindaji hadi kiunoni ili maji ya baridi kali yasiingie. Nyasa haina baridi hiyo, na goti gumu halitoki haraka kwenye tundu.

Wekeni chombo kwenye maji ya magotini, mtu akishike. Kipe mgongo, kaa kwanza, ndipo uingize miguu mmoja mmoja. Kutoka ni kinyume chake, ila hapo tulia kidogo na miguu ikiwa nje kabla ya kusimama. Mwenye presha, hasa anayemeza vidonge vya kukojoza, akinyanyuka ghafla baada ya kukaa muda mrefu juani hushikwa na kizunguzungu, na kuanguka kwenye mawe ni habari nyingine kabisa.

Hapo hapo niseme jambo ambalo akina mama hawatalisema kikaoni: wengi watagoma kunywa maji ili wasisumbuliwe na haja wakiwa ziwani. Kumbukeni mnashuka kutoka Mbeya, kwenye mita kama 1,700, hadi ziwani, karibu mita 500 tu. Asubuhi uliamka na sweta, Kyela unatiririka jasho. Kunyweni maji, na pangeni vituo vya kutia nanga ufukweni bila mtu kulazimika kuomba. Dawa zisirukwe. Anayetaka kubadili saa ya kumeza amuulize daktari wake kabla ya siku ya safari.

Kasia livutwe kwa kiwiliwili. Zungusha kifua, mikono ifuate, na mkono usipande juu ya kidevu kama bega lako limewahi kuteguka. Mtumbwi wa gogo ni mwembamba na hupinduka upesi. Mkiupanda, mwenyewe akae nyuma na kasia lake, ninyi mkae chini kabisa.

Sasa upepo. Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 500 na Matema ipo kwenye ncha yake ya kaskazini. Mwera ukivuma kutoka kusini, mawimbi hukua njia nzima na kuja kuwavunjikia ninyi. Huwa mkali kuanzia Mei hadi Agosti. Kabla yake Kyela ina mvua za masika ambazo hakuna mstaafu anayezihitaji. Mimi ningechagua Septemba au Oktoba. Ingieni majini kukipambazuka, saa nne muwe mmesharudi. Teremkeni Ijumaa mlale huko huko, Jumamosi mpige kasia taratibu mkiambaa ufukwe hadi Lyulilo, mkute soko la vyungu vya Wakisi. Msipitilize kuelekea Ikombe siku ya kwanza: milima ya Livingstone inashuka hadi majini, na mahali pa kutulia ni pa kutafuta.

Mwenda polepole awe mbele, mwenye nguvu awe wa mwisho, na boti ya mvuvi yenye injini iwafuate. Jaketi okozi zifungwe vifungo vyote, hata kwa anayejisifu kuogelea. Mtu mmoja akisema turudi, mnarudi. Hakuna kupiga kura, nawajua wastaafu. Na kabla ya kuondoka, jipindueni makusudi kwenye maji ya kiunoni mjifunze kushikilia chombo na kupumua. Mtacheka sana, na hofu itapungua nusu.

Kichocho kipo. Epukeni matete na maji yaliyotuama, jifuteni upesi mkitoka. Baada ya kama miezi miwili pimeni hospitali. Dawa yake ipo. Midomo ya mito pia mkae nayo mbali kwa sababu ya mamba. Wavuvi wa hapo watawaonyesha ni ipi, na wakisema leo hapana, kaeni mnywe chai.

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu mzazi ana miaka 68, tuko Iringa, na marafiki zake wanataka kukodi mitumbwi kwenye bwawa la Mtera. Hajui kuogelea. Nimzuie?
Binti, Iringa

JIBU: Marahaba binti yangu. Kutojua kuogelea kusingemzuia, akiwa na jaketi okozi inayomkaa sawasawa na mtu mwenye ujuzi karibu yake. Kinachonitia shaka ni Mtera. Bwawa lile lina viboko na mamba, na kiboko hushinda mchana majini. Mtumbwi ukimkatia njia ya kurudi kwenye kina, haulizi umri. Wavuvi wanaopita humo wanajua makundi yanalala wapi, na hata wao huwa yanawapata. Kikundi cha kina mama wageni wa kasia hakina biashara hapo.

Mwombe akusindikize Matema badala yake, wewe uwe mshika chombo. Na umwombe kwa adabu, maana ukimwambia „nakuzuia“ atakwenda Mtera kesho yake.