Re: Wanyama wa plastiki kwa dogo wa miaka 2 na nusu, nichukue wapi?

Dada nimekupata, dogo kichaa wa wanyama na wewe unashindwa kuchagua kati ya ile pakti ya wanyama wengi ya bei chee na wanyama wa Schleich, kampuni ya Mjerumani, ambao mmoja tu anakula hela. Mi ningeacha pakti, nachukua watatu wanne wakubwa, simba, tembo, twiga, nyati basi, maana huyo bado anatia kila kitu mdomoni.

Kipimo ni ile karatasi ngumu ya katikati ya toilet pepa, mnyama akipenya humo asipewe kabisa. Vuta mikia na masikio, vikilegea rudisha dukani, na harufu kali ya plastiki pia hapana. Halafu hizo pakti zinachanganya chui milia na simba kama vile wote wa Serengeti, wakati chui milia ni wa Asia bana, ila dogo hajali.

Kucheza sasa, mwekee mchanga kwenye beseni, majani, maji kidogo kwenye kifuniko, aongee nao mwenyewe, we usimsahihishe sahihishe.

Akipaliwa akashindwa kupumua usimwingizie kidole kutafuta, mwinamishe umpige mgongoni katikati ya mabega, na mtu aite msaada mumkimbize hospitali.