Feni zinazunguka, skrini nyeusi: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, salaam. Nina kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka minane. Juzi niliihamisha kutoka sebuleni kwenda chumbani, na tangu siku hiyo haijawaka tena. Nikibonyeza swichi, taa ya mbele inawaka na feni zinazunguka, lakini skrini inaandika kwamba haipati mawasiliano, kisha inazimika. Wiki kadhaa kabla ya hapo, saa yake ilikuwa inarudi nyuma miaka mingi kila nilipochomoa waya ukutani. Fundi wa kwanza aliitazama dakika chache bila kuifungua, akasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua, ninunue kompyuta nyingine. Wa pili akasema nimpelekee aipige Windows upya. Ndani yake zimo picha zote za marehemu mama yangu, na tasnifu ambayo bado naiandika. Naogopa hata kuigusa. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa msiba, na pole kwa wasiwasi huu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Katika yote uliyoeleza sioni dalili hata moja kwamba diski yenye picha na tasnifu imedhurika. Huyo fundi wa pili mshukuru, ila mashine usimpe.

Sababu ni hii. Kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja, inapanda ngazi. Kwanza pawa saplai inatoa umeme wa volti 12, 5 na 3.3 na kuijulisha mazabodi kwamba umeme umetulia. Kisha programu ndogo inayokaa ndani ya mazabodi, BIOS, inaanza kuhesabu viungo: prosesa (ubongo wa kompyuta) ipo, RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda) ipo na inasomeka, kifaa cha kutoa picha kipo. Hapo ndipo unapoona nembo kwenye skrini. Baada ya nembo ndipo inatafuta diski, na diski ndiyo inayoiamsha Windows. Ya kwako inaonekana kukwama kabla ya nembo. Haijaifikia diski, sembuse Windows. Kuipiga Windows upya hakuwezi kutibu ugonjwa ulioko ngazi mbili chini yake. Kitu pekee ambacho kunaweza kufanya ni kukufutia vitu vyako.

Nimeandika "inaonekana" kwa makusudi, kwa sababu kuna uwezekano mmoja mzuri zaidi: kwamba kompyuta inawaka mpaka mwisho na wewe huioni. Iwashe, subiri dakika mbili, kisha bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi mara kadhaa. Kama kitaa chake kinawaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine iko hai na shida ni njia ya picha tu. Sasa geuza kasha utazame nyuma. Kompyuta nyingi zenye kadi ya picha ya kuongeza huwa na matundu ya skrini sehemu mbili: moja juu, pamoja na matundu ya kibodi na ya intaneti, hayo ni ya mazabodi, na nyingine chini, yamelala mlalo, hayo ni ya kadi. Kadi ikiwapo, mara nyingi matundu ya juu hufungwa yenyewe. Mtu akihamisha kompyuta na kuunganisha nyaya upya, akachomeka ule wa skrini juu badala ya chini, atapata hasa hicho ulichonieleza. Nimeliona kosa hili mara nyingi mno kwa watu waangalifu kabisa. Hamisha waya, hakikisha pia skrini yenyewe imewekwa kwenye tundu hilohilo unalotumia, HDMI au DisplayPort, na kama una waya mwingine ujaribu nao.

Ikiwa Caps Lock imenyamaza na skrini bado ni nyeusi, ni lazima tufungue kasha. Usiogope, kazi hii inahitaji bisibisi moja ya nyota na utulivu. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia na uishikilie sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Laza kasha ubavuni mahali penye mwanga. Kabla ya kugusa chochote ndani, shika kwanza chuma cha kasha, na urudie kila mara. Umeme tuli wa mwilini mwako, ambao hata huusikii, unatosha kuua kijiti cha RAM. Pawa saplai yenyewe, lile boksi lenye feni yake na waya mnene wa ukutani, usiifungue kamwe. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni RAM. Kompyuta ya miaka minane ina vumbi na joto la miaka minane. Ukiibeba, ukaitikisa, ukaitua sakafuni kwa kishindo kidogo, kijiti kinasogea kiasi usichoweza kukiona kwa macho, na BIOS haiwezi kukisoma. Feni zitazunguka, taa itawaka, na hakuna kitakachoendelea. Fungua vibano vya pembeni, toa vijiti vyote, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, au raba safi ya kufutia penseli ukiipitisha kwa wepesi sana na kupangusa makombo yote. Kisha rudisha kimoja tu. Kwenye mazabodi yenye matundu manne, cha peke yake mara nyingi hukaa tundu la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Linganisha pengo la kijiti na kizuizi cha tundu, halafu kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie ta! na vibano vijifunge vyenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea kwa huruma: wanasukuma polepole, kijiti kinakaa nusu, na wanahitimisha kwamba kimekufa. Jaribu kuwasha. Ikikataa, chomoa umeme, jaribu kijiti cha pili peke yake, kisha tundu jingine. Fanya badiliko moja kila mara ili ujue ni lipi lililoponya.

Wakati kasha liko wazi, tazama nyaya za umeme za mazabodi. Ziko mbili, na watu huikumbuka moja. Ile pana yenye pini 24 kila mtu anaiona. Nyingine ndogo, ya pini 4 au 8, inachomekwa juu karibu na prosesa na mara nyingi imejificha nyuma ya feni. Hii ikilegea, feni zinaweza kuzunguka kama kawaida huku prosesa haina umeme wa kufanyia kazi. Zisukume zote mbili. Kadi ya picha nayo ni nzito na inaning'inia. Kompyuta ikibebwa, mkia wake hutoka kwenye tundu. Itoe na uirudishe, na kama ina waya wake wa umeme uchomeke tena. Prosesa yako ikiwa na uwezo wa kutoa picha yenyewe, iache kadi nje kabisa kwa sasa na uchomeke skrini kwenye tundu la juu. Kadiri vitu vinavyopungua, ndivyo mkosaji anavyokosa pa kujificha.

Mazabodi nyingi pia husema zenyewe zinapoumwa. Baadhi zina vitaa vinne vidogo pembezoni vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kitaa kitakachobaki kinawaka ndicho kinachotaja ngazi iliyokwama. Nyingine hupiga milio. Maana ya milio hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo hesabu mirefu na mifupi, soma jina la mazabodi lililochapwa juu yake, kisha tafuta kitabu chake kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Sasa ile saa yako. Umeitaja kama jambo dogo la pembeni, kumbe kwangu ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote katika barua yako. Saa inayorudi nyuma kila umeme unapochomolewa maana yake betri ya mazabodi imeisha. Ni ile ya mviringo kama sarafu, CR2032 ya volti 3, na kazi yake ni kulinda saa, na kwenye mashine nyingi mipangilio ya BIOS pia, wakati hakuna umeme. Ulipohamisha kompyuta ulichomoa waya, betri haikuwa na nguvu, na mipangilio yote huenda imerudi ilivyotoka kiwandani. Peke yake hilo kwa kawaida haliifanyi skrini kuwa nyeusi, ingawa nimekutana na mazabodi zilizogoma kabisa kwa sababu ya betri iliyokufa. Ibadilishe, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Baada ya hapo mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara moja au mbili yenyewe, iache imalize.

Lakini tahadhari moja kabla ya kutoa betri hiyo. Ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha faili zote, kubadilika kwa mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Watu wengi hawajui kama wanao, kwa sababu uliwekwa kimyakimya walipoingia kwenye kompyuta kwa akaunti ya Microsoft. Tumia simu, ingia kwenye akaunti yako, na uuandike ufunguo huo kwenye karatasi kwanza. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayezifungua picha za mama yako.

Betri iliyokufa pia inanifanya nikuonye kuhusu jambo litakaloweza kufuata. Skrini ikirudi, usishangae ukikuta maandishi kwamba hakuna diski ya kuwakia. Wengi hapa hukata tamaa, wanaamini diski imekufa. Mara nyingi haijafa. BIOS imesahau namna ilivyokuwa ikizungumza nayo. Ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu baada ya kuwasha, uone kama jina la diski linaonekana. Likionekana, tazama mpangilio wa kuwakia: diski iwe ya kwanza. Kisha tazama mambo mawili: kama diski imewekwa AHCI au RAID, yaani namna mbili za mazabodi kuzungumza na diski, na kama kompyuta inawaka kwa mtindo mpya, UEFI, au kwa mtindo wa zamani, Legacy. Windows iliyowekwa kwa mtindo mmoja haikubali kuwaka kwa mwingine. Badilisha kimoja, jaribu, na kama hakikusaidia kirudishe kabla ya kugusa kingine. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofuta faili. Lakini Windows ikikuuliza kama unataka kuanza upya au kufomati, yaani kufuta diski, kataa.

Kuhusu fundi wa kwanza: mazabodi huungua kweli, nami nimezika nyingi. Ila hukumu hiyo hutolewa mwisho, baada ya RAM kujaribiwa kijiti kwa kijiti, kadi kutolewa, na pawa saplai nyingine nzima kuwekwa kwa majaribio. Hilo la mwisho huwezi kulifanya nyumbani bila vifaa, na feni kuzunguka si ushahidi kwamba pawa saplai yako ni nzima. Zinatumia umeme kidogo tu wa volti 12, na prosesa inahitaji mwingi zaidi tena uliotulia. Tazama tu kapasita zilizosimama kama mapipa madogo kuzunguka prosesa. Vichwa vyake viwe bapa. Kilichovimba au kuvuja rangi ya kahawia ni dalili ya kweli ya mazabodi inayokwisha, na hapo nitakubaliana naye.

Hata hivyo, mazabodi ikifa, diski haifi nayo. Diski inatoka kwa skrubu chache, inaingia kwenye kompyuta nyingine, au inaunganishwa kwa waya wa USB uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na picha zinasomeka kama zilivyokuwa, ila kama imefungwa kwa BitLocker utahitaji ule ufunguo. Kama hofu imekuzidi, anza hapo. Toa diski leo, nakili picha na tasnifu sehemu mbili tofauti, halafu ndipo urudi kuhangaika na mashine. Kama ni diski ya sahani zinazozunguka na ukaisikia ikigonga tak, tak, tak, zima papo hapo na usiiwashe tena, mpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data.

Nilipokuwa mchanga katika kazi hii, mzee mmoja aliniletea kompyuta isiyowaka. Niliifomati bila kuuliza kilichomo. Kosa, nikaja kugundua siku hiyohiyo, lilikuwa waya wa diski uliolegea. Alikuwa ameandika humo kumbukumbu za ukoo wake kwa miaka mingi. Hakunifokea. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza mara mbili kama nina hakika haziwezi kurudi. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila anayeleta mashine ni moja: ndani kuna nini ambacho huwezi kukipata tena? Fundi yeyote asiyekuuliza hivyo, usimwachie diski yako.

Baada ya kujaribu Caps Lock, waya wa skrini na RAM, niandikie tena unieleze mambo matatu: kitaa gani kilibaki kinawaka au milio ilikuwa mingapi, kama feni zinazunguka mfululizo au zinasimama na kuanza tena, na jina lililochapwa kwenye mazabodi. Kwa hayo nitaweza kukwambia kwa uhakika zaidi kilichobaki ni nini.