Upinde wa Kwanza wa Kuwindia kwa Dola 500

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Kitui, Kenya, na sasa ninaishi Columbus, Ohio. Babu yangu aliwinda kwa upinde kabla ya serikali kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini mimi sijawahi kuuvuta. Wenzangu kazini huwinda kulungu kila mwaka na wamenialika. Nina dola 500 tu. Ninunue upinde wa namna gani?
Msomaji, Columbus

JIBU: Ndugu msomaji, fedha hizo zinatosha, mradi usizimalize zote kwenye upinde wenyewe. Upinde mtupu hauwindi. Utahitaji mishale isiyopungua sita, vigumba vyenye makali, kifyatulio cha kuvaa mkononi (kifaa cha kushika uzi na kuuachia) na shabaha ya mazoezi, na vitu hivyo kwa pamoja humeza dola 150 hadi 200. Upinde wako, basi, ni wa dola 300.

Ninakushauri uchukue upinde wa kapi, yaani ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, ambaye alipewa hataza yake mwaka 1969. Ukishauvuta hadi mwisho, magurudumu hayo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa kuvuta, hata upinde unaovutwa kwa nguvu ya pauni 50 ukakuachia pauni 10 hivi za kushikilia huku ukisubiri kulungu ageuke ubavu. Upinde wa kawaida usio na kapi ni wa bei nafuu na una wapenzi wake, lakini uzito wote hubaki kwenye vidole vyako, na mwanafunzi huhitaji mazoezi ya muda mrefu zaidi kabla ya kuaminika mbele ya mnyama. Kulungu aliyejeruhiwa akaenda kufia mbali ni jambo linaloniuma sana, nami nisingependa likupate kwa sababu ya kuokoa dola mia.

Jambo kubwa kuliko jina la kiwanda ni upinde kukuenea. Nyoosha mikono yako pande zote mbili, mtu akupime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, kisha gawanya kwa 2.5: mwenye inchi 70 atahitaji mvuto, yaani umbali wa kuvuta uzi, wa inchi 28 hivi. Chunguza pia ni jicho lako lipi linalotawala, kwa kuwa baadhi ya watu wanaotumia mkono wa kulia huona shabaha kwa jicho la kushoto, na hao mara nyingi hufaa kununua upinde wa mkono wa kushoto. Kuhusu uzito wa kuvuta, sheria ya Ohio inataka usipungue pauni 40. 45 hadi 50 zinatosha kabisa kwa kulungu. Dukani, keti kwenye kiti, elekeza upinde mbele na uuvute taratibu bila kuuinua juu. Ukishindwa hapo, utashindwa zaidi ukiwa juu ya mti ukimvizia kulungu, umevaa makoti mawili, na baridi imekukaza mabega.

Usione haya kununua uliotumika, ila ununue kwa fundi wa duka la pinde, ambaye atakurekebishia papo hapo. Pitisha kipande cha pamba kwenye mikono ya upinde, yaani sehemu zake mbili zinazopinda. Kikinasa, huenda pana ufa, na upinde huo uuache. Tazama kama uzi umechakaa, uulize ulibadilishwa lini, kwani uzi mpya pamoja na kazi ya fundi unaweza kukugharimu dola mia. Wala usiufyatue kamwe bila mshale, kwa sababu nguvu iliyopaswa kwenda na mshale hurudi kuuvunja upinde.

Kwenye vigumba usibane matumizi. Mishale ya wazee wa Ukambani ilipakwa sumu, hivyo jeraha dogo lilitosha, lakini huko Ohio sumu ni marufuku, na mshale huua kwa kukata mapafu na mishipa ya damu peke yake. Wembe butu huko ni ukatili.

Leseni yako ya kwanza itahitaji kozi ya usalama wa mwindaji. Imalize mapema, kwa kuwa msimu wa pinde hufunguliwa mwishoni mwa Septemba, na miezi ya joto inayoutangulia utaihitaji yote kwa mazoezi ya umbali wa yadi 20.