Kabla Hujafungua Kopo la Rangi

Sisi tunaounda vimodeli vya plastiki vya ndege za Vita vya Pili vya Dunia tuelewane: Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ya kiangazi cha 1940 haina kijivu. Haikuwa nacho, na hata uniletee picha ya rangi kwenye simu, haitakuwa nacho. Juzi hapa barazani Kibokoni kijana mmoja kaweka mezani Spitfire safi kabisa: maungio yamepigwa msasa hadi hayaonekani, rangi ya airbrashi (bomba la kupulizia) imetulia, kioo cha rubani hakina hata tone la gundi. Akatuambia ni ya mapigano ya anga ya Uingereza. Juu Ocean Grey (kijivu) na Dark Green (kijani kizito)! Nikanywa kahawa yangu, nikanyamaza. Wiki iliyofuata mwenzake akaleta ileile, tofauti ni herufi za skwadroni (kikosi) tu. Basi leo sinyamazi, na mkikasirika kasirikeni, kesho tutakunywa pamoja.

1. Tarehe kwanza, rangi baadaye. Chagua ndege moja, rubani mmoja, mwezi mmoja. Mwaka peke yake hautoshi. RAF, jeshi la anga la Uingereza, walipigana kiangazi cha 1940 kwa Dark Earth (rangi ya udongo) na Dark Green juu, Sky (rangi hafifu) chini. Kijivu kilikuja Agosti 1941, vita vilipohamia juu ya bahari na Ufaransa, na hapo ndipo chini pakawa Medium Sea Grey. Raundeli, zile alama za duara za taifa, nazo zina tarehe: A1 yenye njano nono ni ya zamani, C1 yenye njano nyembamba ni ya kuanzia katikati ya 1942. Wamarekani wametusaidia zaidi. Mei 1942 waliondoa doa jekundu katikati ya nyota yao lisije likafanana na jua la Wajapani. Juni 1943 wakaongeza vipande vyeupe pembeni na mzingo mwekundu. Miezi michache baadaye mzingo ukawa wa buluu. Ukiona mzingo mwekundu, tarehe umeshapewa bure.

2. Picha nyeusi na nyeupe inadanganya, na iliyotiwa rangi na kompyuta inadanganya kwa kujiamini. Filamu ya orto, aina ya zamani ya filamu nyeusi na nyeupe, haioni nyekundu: nyekundu hutoka nyeusi, njano hutoka nzito, buluu hufifia. Kuna raundeli ukiitazama utaapa haina njano, kumbe ipo, imekaa gizani.

Msinione najua. Zamani mgeni mmoja wa Afrika Kusini, mwenye nyumba ya likizo upande wa Nyali, aliniagiza kimodeli cha Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza, cha kipimo cha 1/48. Babu yake alikuwa fundi wa injini katika skwadroni ya kwao iliyoletwa Kenya 1940 kupambana na Waitaliano wa Uhabeshi na Somalia. Akanitumia picha za ndege pamoja na barua za babu, zimeskaniwa ukurasa kwa ukurasa. Picha nilizikuza hadi nikahesabu ribiti. Barua sikuzifungua. Nilikuwa mtaalamu bwana, na mtaalamu hasomi barua za fundi kwa mkewe.

Hurricane ikatoka. Mabaka ya Dark Earth na Dark Green niliyapuliza bila kuziba kitu, nikafifisha rangi za juu kwa ajili ya jua letu, nikatia vumbi jekundu la Tsavo magurudumuni na masizi nyuma ya eksosi. Raundeli nikazitoa kwenye dekali (alama za kubandika) za seti, nyekundu, nyeupe, buluu, za RAF. Picha inaonyesha katikati ni kweusi, kweusi ni nyekundu, kesi imekwisha.

Yule bwana akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akavaa miwani. Kidole kikatua katikati ya raundeli. “Na chungwa liko wapi?” Hapo ndipo ningenyamaza. Badala yake nikamsomesha! Nikampa darsa zima la filamu, nikamwekea mbele picha yake mwenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa simu, akanisomea mstari wa babu yake unaotaja chungwa la katikati ya alama zao. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilitumia chungwa mahali pa nyekundu, na kwenye orto rangi hizo mbili hutoka zote nyeusi, hapana jicho la kuzitenganisha. Nilikuwa na picha isiyoweza kujibu swali, na barua iliyokwisha kulijibu.

Nikaomba siku chache. Nikapaka chungwa juu ya nyekundu, likatoka rangi ya matofali. Nikatanguliza nyeupe chini, raundeli ikavimba kama kifungo cha koti. Nikajaribu kuing'oa dekali kwa utepe: dekali ikatoka na vanishi, vanishi ikatoka na Dark Earth, nikabaki natazamana na plastiki. Bwana yule alilipa pesa zote. Angekataa ningepona mapema.

Barua, daftari za marubani, kumbukumbu za kila siku za skwadroni: someni.

3. Ndege ya makumbusho si ushahidi. Imepakwa upya.

4. Namba ya ubavuni si ndege. Hans-Joachim Marseille, rubani wa Kijerumani, alirusha ndege za Messerschmitt kadhaa zenye 14 ya njano, na aliyokuwa nayo siku aliyokufa, 30 Septemba 1942, ilikuwa ya toleo la G, si ile ya F mnayoipenda nyote. Ukihamisha alama za ushindi za mkia wa hii ukaziweka kwenye ile, umeunda ndege ya tatu ambayo haikuwahi kuruka.

5. Kila kijana wa Mombasa akianza anataka Martlet, ndege ya kivita ya wanamaji wa Uingereza, ya meli ya Illustrious, na simlaumu. Meli za Admirali Somerville wa Uingereza zilitia nanga Kilindini, na uwanja wa Port Reitz ndio huu tunaouita Moi leo. Lakini mnagombana bure kuhusu namba za rangi. Amri ilitaka Extra Dark Sea Grey na Dark Slate Grey, sawa. Ila Martlet zilitoka Grumman, Marekani, zikapakwa rangi za huko zilizokaribiana na za Waingereza. Kopo la Kiingereza lililo sahihi kabisa laweza kukupa Martlet isiyo sahihi. Ya mapigano ya Madagaska, Mei 1942, itieni raundeli ya A1. Na anayetaka kuiwekea adui pembeni ajue ndege za Morane za Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, zina milia ya nyekundu na njano puani na mkiani. Mkono ukitetemeka, jenga lori.

Pia nendeni makaburi ya Mbaraki. Mawe ya wanamaji yana jina la meli na tarehe, na ukiwa na hivyo viwili, kutafuta skwadroni ni rahisi.

6. Vanishi ya laka msipulize wakati wa masika. Itaganda ukungu mweupe.

7. Wenye wazee waliofanya kazi bandarini, fungueni albamu za nyumbani. Kijana mmoja alinitumia picha ya ndege imeegeshwa mbele ya minazi, ameikata kingo ienee vizuri kwenye simu. Alichokata ni sehemu ya nyuma, na huko ndiko iliko nambari ya ndege! Naomba picha nzima, na mgongo wake pia uskaniwe, hata kama una hesabu za duka za bibi.