Kitaa cha pedali ya gitaa hakiwaki: maswali kutoka Tanga

Maswali ya safari hii yametoka kwa wapiga gitaa wa dansi, taarabu na kwaya. Tumeyafupisha.

Shikamoo fundi. Nikikanyaga pedali yangu ya distoshoni (ya kukwaruza sauti), sauti inabadilika vizuri, ila kitaa chekundu kimezima kabisa. Ninunue LED nyingine? (Makorora)

Marahaba. Usinunue kwanza. LED ikitunzwa huishi miaka mingi kuliko swichi inayokanyagwa kila siku. Swichi ya mguu ya pedali nyingi ina pini 9 katika safu 3: safu mbili hupitisha sauti, ya tatu ni ya taa tu. Ndiyo maana sauti inaweza kuwa nzima huku taa imekufa.

Fungua skrubu 4 za chini, chomeka adapta ya volti 9, weka pedali katika hali ya kuwaka, kisha pima volti DC kati ya miguu miwili ya LED. Mita ikisoma karibu 9, umeme unafika lakini LED imekatika ndani. Hiyo ndiyo ya kubadilisha. Ikisoma karibu 2, LED inapitisha umeme na ilipaswa kuwaka, kwa hiyo angalia kama haijafichwa na uchafu au kuzama chini ya tundu lake. Ikisoma 0, umeme haufiki. Hapo fuata waya wa taa hadi kwenye swichi, uunganishe kwa kipande cha waya pini ya katikati ya safu hiyo na pini jirani inayokwenda kwenye hasi. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, zima umeme upime kwa omu rezista yake (kijisehemu kinachopunguza umeme), na uguse kila nukta ya lehemu kwa kijiti kikavu: iliyopasuka hutikisika.

Angalizo: kipimo hicho cha kuunganisha pini hakifai kwa pedali zenye kibao kipana cha kukanyagia. Swichi yake ni kitufe kidogo tu kinachoziamrisha transista, nazo ndizo zinazowasha taa.

Nimeweka betri mpya lakini taa haiwaki hadi nichomeke waya wa gitaa. Imeharibika? (Pongwe)

Hapana, ndivyo ilivyoundwa. Hasi ya betri hupitia soketi ya kuingizia gitaa, na plagi ndiyo inayokamilisha njia. Ukimaliza kupiga chomoa waya huo, la sivyo betri itaendelea kuliwa usiku kucha ikiwa sandukuni.

Nimebadilisha LED nyekundu nikaweka ya bluu. Sasa inanichoma macho jukwaani, na betri haidumu. Nifanyeje? (Ngamiani)

Umeacha rezista ya zamani, bila shaka ya kilo-omu 1. LED nyekundu za zamani zilihitaji umeme mwingi ili zionekane; za bluu za siku hizi zinang'aa kwa umeme kidogo sana. Hesabu ni hii: toa volti za LED kwenye 9, gawanya kwa rezista. Ya bluu hutumia takriban volti 3, zinabaki 6, na 6 kwa omu 1,000 ni miliampea 6. Pedali nyingi za distoshoni zenyewe hazili hata hizo! Weka kilo-omu 10 (kahawia, nyeusi, chungwa) upate miliampea 0.6, inayotosha ukumbini. Nyekundu, ambayo hutumia karibu volti 2, iwekee kilo-omu 4.7 (njano, zambarau, nyekundu), upate miliampea 1.5.

Kwa wanaotaka kubadilisha LED yenyewe: pima kwanza tundu la kasha, kwani zipo za milimita 3 na za milimita 5. Mguu mrefu ni chanya. Ukishakatwa, tazama ukingo wa chini wa LED, upande uliobapa ni hasi. Ukigeuza haitawaka. Pasi ya kulehemia ya wati 25 hadi 40 yatosha. Nyonya lehemu ya zamani kwanza, usivute mguu kwa nguvu, maana utaondoka na shaba ya bodi, na hilo ni gumu kulirekebisha kuliko taa. Kila mguu sekunde 3, kisha uache upoe. Na kamwe usijaribu LED moja kwa moja kwenye betri bila rezista.

Ukiipima LED ya bluu kwa alama ya diodi ya mita isiwake, usiitupe. Mita nyingi hazitoi volti 3.

Nina pedali ya zamani ya kampuni ya Boss. Kwa betri taa inawaka vizuri, kwa adapta mpya ya volti 9 imefifia. (Chumbageni)

Soma maandishi karibu na tundu la umeme. Yakiwa ACA, pedali ilitengenezewa adapta ya zamani isiyodhibitiwa, inayotoa volti nyingi kuliko 9, na ndani kuna rezista na diodi ya kuzipunguza. Adapta ya kisasa inapunguzwa mara mbili. Tafuta adapta ya ACA au endelea na betri. Usiichomeke adapta hiyo ya ACA kwenye pedali iliyoandikwa PSA, yaani ya adapta iliyodhibitiwa.

Taa inawaka na kuzima yenyewe, na kichwa cha betri kina ukoko wa kijani. (Raskazone)

Hewa ya chumvi hiyo. Ukoko wa kijani ni kutu ya shaba. Mweupe mara nyingi ni betri iliyovuja. Uliovuja futa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, uache ukauke kabisa. Lakini kichwa cha betri ni rahisi, badilisha tu. Waya ukate nyuma hadi uone shaba inayong'aa, kwa sababu shaba iliyokuwa nyeusi haishiki lehemu. Nyekundu chanya, nyeusi hasi. Hakikisha kwa mita kabla ya kufunga kasha.