Mwakilishi katumwa na nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni neno gani moja la Kiswahili linalotosha kufasiri neno la Kiingereza "representative", na wingi wake "representatives". Kinachoniuma ni hilo "moja". Kwa kulazimisha neno moja, fomu na mikataba inaharibika, na anayetia saini hajui ametia saini nini. Naomba nijibu swali lililojificha nyuma ya lenu: huyo mtu katumwa na nani, na ameruhusiwa kufanya nini?

Chukueni fomu ya ridhaa ya utafiti wa tiba. Kiingereza kinasema mgonjwa asiyeweza kujiamulia atasainiwa na "legally authorized representative". Mfasiri mwenye haraka anaona habari za sheria, anaandika "wakili". Ndugu wa mgonjwa akisoma hapo anadhani atafute mwanasheria wa kulipwa, kumbe anayetakiwa ni mtu ambaye sheria inamtambua kuamua kwa niaba ya mgonjwa, kwa mfano mzazi au mlezi. Iandikwe hivyo hivyo, hata kama sentensi itarefuka. Katika mirathi, "personal representative" si mwakilishi binafsi. Ni msimamizi wa mirathi, au mtekelezaji wa wosia ikiwa marehemu alimtaja. Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye mikataba: kichwa cha "representations and warranties" hakihusu uwakilishi hata kidogo. Ni kauli ambazo upande mmoja unazithibitisha kuwa za kweli, tuseme kwamba ardhi inayouzwa haina deni. Ukiandika "uwakilishi na dhamana", aliyedanganywa atakipita kifungu kinachomlinda bila kukitambua.

Kwenye biashara, "sales representative" mara nyingi hutafuta wateja, hupokea oda, kisha huipeleka kwa kampuni iikubali au iikatae. "Mwakilishi wa mauzo" linatosha. Msimwite wakala, isipokuwa mkataba umempa mamlaka ya kuingia makubaliano yanayombana kisheria aliyemtuma. Wakala, wakili na mwakilishi ni ndugu, wote wametoka kwenye mzizi wa Kiarabu w-k-l, wa kumkabidhi mwingine jambo lako. Ndiyo maana watu huwachanganya kirahisi.

Takwimu sina ugomvi nazo. "Sampuli wakilishi", yaani sehemu ndogo inayofanana na kundi zima, limeshakubalika.

Palipo pagumu kweli ni siasa, na hapo lazima nisimame Bristol, Uingereza, mwaka 1774. Mji huo wa bandari ulikuwa na viti viwili bungeni, na waliochaguliwa ni Henry Cruger na Edmund Burke. Cruger alikubali kwamba maagizo ya wapiga kura yatamfunga. Tarehe 3 Novemba, Burke alizungumza baada yake, akakataa. Alisema mbunge anawiwa na watu wake si bidii yake tu bali pia uamuzi wa akili yake, na akiuacha ili afuate maoni yao, anawasaliti. Itakuwaje, aliuliza, wanaoamua wawe labda maili 300 kutoka kwa wanaozisikia hoja? Kwake, bunge halikuwa kikao cha mabalozi wa maslahi yanayopigana, bali baraza la taifa moja.

Alichokisema alikitenda, na alikilipia. Aliunga mkono kulegeza vikwazo vya biashara ya Ireland, jambo ambalo wafanyabiashara wa Bristol waliliona ni la kuwaumiza wao; akaunga mkono pia kuwapunguzia Wakatoliki adhabu za kisheria. Mwaka 1780 aliona hatashinda, akajitoa. Akarudi bungeni kwa kiti cha Malton, kilichokuwa mikononi mwa mlezi wake wa kisiasa, Lord Rockingham. Sasa hapo alikuwa mwakilishi wa nani?

Kwa Kiswahili ningesema Cruger alijiona mjumbe, mtu aliyebebeshwa ujumbe, naye Burke alijiona mtu aliyekabidhiwa jambo alisimamie. Lakini Kiingereza kiliwaweka wote wawili chini ya jina moja, na ubishi wao haujaisha mpaka leo. Nilipoanza barua hii nilitaka "mwakilishi" livunjwevunjwe kila mahali. Kwenye siasa narudi nyuma: mfasiri hana haki ya kumaliza ugomvi ambao wenye neno hawajaumaliza. Baraza la Wawakilishi la Marekani, lenye viti 435 na muhula wa miaka 2, libaki na jina hilo, kama lilivyo lile la Zanzibar. Kwenye Umoja wa Mataifa, Mwakilishi wa Kudumu abaki hivyo hata kama ana hadhi ya balozi, kwa sababu hicho ndicho cheo chake pale.

Kwa hiyo mkinibana nichague moja, nitachagua "mwakilishi", lakini lisiachwe peke yake: liandikwe ni mwakilishi wa nani, katika jambo gani, na kama anaweza kutia saini. Kwenye fomu ya ridhaa wekeni maelezo kamili badala yake. Kwenye mirathi, na kwenye kile kifungu cha kauli na dhamana, msilitumie kabisa.