Kabla hujalipa tikiti ya Hans Zimmer, soma bango

Ndugu yangu, wauliza kama yafaa utoke Mombasa mpaka Dubai kwa ajili ya shoo ya Hans Zimmer, yule mtunzi wa miziki ya filamu, ambayo binamu yako amekutumia tangazo lake. Mi nakwambia tulia kwanza usome bango, manake hizi shoo hazifanani. Ikiandikwa Hans Zimmer Live hapo ndo yeye mwenyewe yuko stejini na gitaa na kinanda, apiga huku apiga stori, na usitarajie vipande vya filamu, ni bendi, okestra na mataa basi. The World of Hans Zimmer ni nyingine, miziki ni yake lakini kwa kawaida hapigi mwenyewe. Na zile za mishumaa, zinazoitwa Candlelight, wanaopiga miziki yake ni watu wengine kabisa, yeye hayumo wallahi.

Siti ya mbele wala usijibane, sauti hukaa sawa pale katikati karibu na fundi mitambo. Halafu tafuta kwanza ile rekodi ya shoo yake ya Prague ya 2016, Lebo M, yule mwimbaji wa The Lion King, yumo, na uweke spika ya maana bana, kwa simu ni kama kusikiza taarab ya harusi ukiwa barabarani. Ukimaliza na bado watamani, lipa.